Paka wangu alivyoacha kulia usiku na kukwaruza

Tulipohama Tanga kuja Dar es Salaam, Shaba, dume wa miaka 3, alibadilika kabisa. Usiku analia mpaka jirani anagonga ukuta. Mchana yuko uvunguni, ukimsogezea mkono anakukwaruza. Kosa langu lilikuwa kumvuta kwa nguvu nimpakate. Alizidi kuogopa.

Nilianza kwa daktari wa mifugo, maana paka mwenye maumivu naye hung'ata. Alikuwa mzima. Basi nikampa chumba kimoja tu: maji, beseni la mchanga mbali na chakula, boksi la kujifichia, na kanga yangu kuukuu isiyofuliwa. Kanga ndiyo iliyofanya kazi kubwa, nina hakika, kwa sababu paka huijua nyumba kwa pua kabla ya macho. Nikawa nakaa sakafuni kimya, simkodolei macho, nafumba na kufumbua taratibu, namwacha aje mwenyewe.

Saa 3 usiku namchezesha kwa kamba hadi achoke, kisha dagaa. Akishiba, analala.

Siku ya 9 alitoka, akajisugua mguuni kwangu. Nilitokwa na machozi. Wiki ya 3 nikaufungua mlango. Kanga ile bado sijaifua.