Mustang ya 66, silinda sita: mbele imeshashuka, nyuma inafuata

Haya wadau, mbele imeshuka, yaani bodi imekaa karibu na ardhi. Wishboni za juu, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, zimefungwa kwenye matundu mapya, springi zimerudi mahali pake, tairi ziko chini na pua ya gari imekaa vile nilivyokuwa naitaka tangu siku naivuta kwa kamba kuileta bandani. Nina furaha sana jamani. Na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kazi kubwa kuliko zote kwenye kuishusha imekula drili, vipimo na uvumilivu, pesa karibu hakuna.

Kwa wanaoanza kufuatilia leo: ni Mustang kupe (bodi ya milango miwili na paa la bati) ya 1966, injini ile ya silinda sita inayoitwa 200 kwa inchi za ujazo, yaani lita 3.3. Ukisoma namba ya chesesi utaona inaanza na 6 ambao ndo mwaka, inafuata herufi ya kiwanda, halafu 07 maana yake kupe, halafu T ndo hiyo silinda sita. Watu wananiuliza kila mara kwa nini sikusubiri V8, yaani ya silinda nane. Ni bajeti ndio, ila kuna zaidi ya hapo. Mwaka ule wa 66 Ford walitengeneza Mustang 607,568, na kupe ndo zilikuwa nyingi kuliko za aina nyingine, kwa hiyo mpaka leo spea zake zinatengenezwa upya karibu zote, kuanzia bati la sakafu mpaka mpira wa mlango, na kupe ya silinda sita ndo ile ambayo wanaotafuta V8 wanaipita bila kuangalia mara mbili. Hapo ndo mtu wa bajeti anapata nafasi. Halafu injini yenyewe ni ngumu, ina bearing kuu saba kwenye krenki, na ni nyepesi kuliko V8, jambo ambalo utaliona lina maana kubwa tukifika kwenye springi.

Utaratibu niliojiwekea haujabadilika: kwanza maji yasiingie, pili gari isimame, tatu ishuke, rangi mwisho kabisa. Nimeona magari mengi mazuri yamepakwa rangi ya kung'aa huku chini sakafu inaoza, na hiyo rangi ndo pesa inayopotea haraka kuliko zote.

Maji kwanza basi. Anayetaka kununua Mustang za miaka hii asikilize hapa. Chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya hewa kabla ya waipa, kuna boksi la bati limefungwa juu na chini kwa spoti weldi (nukta nukta za kuchomelea), mvua inaingia humo na inatakiwa itokee pembeni ndani ya fenda. Ndani ya boksi kuna shingo mbili za kupitisha hewa kwenda kwa dereva na abiria, na shingo hizo zikishaliwa na kutu maji yanashuka moja kwa moja kwenye zulia. Majani yakijaa humo ndani yanashika unyevu mwaka mzima. Kipimo chake ni rahisi, chukua ndoo ya maji mimina kwenye yale matundu huku mwenzako amelala ndani na tochi anaangalia chini ya dashibodi. Yangu ilikuwa inavuja pande zote mbili. Wengine wanaziba kwa faibaglasi kutokea chini, inasaidia kwa muda, siwalaumu, lakini kutu inabaki juu inaendelea kula. Mimi niliamua kufungua: fenda zote mbili nje, kioo nje, kisha unatafuta spoti weldi moja moja, unaitoboa kwa drili bati la juu tu bila kugusa la chini, na ziko nyingi sana, ni kazi ya kukaa na redio. Bati likinyanyuka unaona kila kitu. Nimekata shingo zilizooza, nimechomelea mpya, praima ya kuzuia kutu ndani kote, silanti kwenye kila jointi, ndo nikarudisha. Nimemimina maji tena, kavu kabisa.

Sakafu ilifuata kwa sababu maji yalishaharibu pale mbele kwa dereva na abiria. Hii gari haina chesesi ya kujitegemea kama malori, bodi yenyewe ndo chesesi, kwa hiyo ukikata sakafu ovyo milango haitafunga tena. Nilichomelea paipu ya kuvuka uwazi wa mlango kila upande, gari ikiwa levo kwenye stendi, halafu nikakata na kumaliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Milango inafunga kwa kidole mpaka leo. Kwenye buti nako angalieni, maana kwenye gari hii mgongo wa tanki la mafuta ndo sakafu ya buti, sili yake ikichoka unanusa petroli ukiwa umekaa kwenye siti. Nimeibadilisha, ni kitu kidogo.

Breki. Hapa sikubana pesa. Kwa silinda sita zinakuja dramu kote, inchi 9, na hubu za bolti nne. Wengi wanahamia diski na bolti tano siku hiyo hiyo, ni sawa kama mfuko unaruhusu, lakini kumbukeni unabadilisha nako (knuckle, kile chuma kinachobeba hubu), hubu, tairodi na rimu zote nne, na hapo bajeti imeshakwisha kabla gari haijasogea. Mimi nimebaki na dramu, nimeweka viatu vipya, wili silinda mpya, paipu na hozi zote mpya. Ila kitu kimoja sikukubali kukiacha ni masta silinda ya asili, ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki. Mpaka mwaka wa 66 Mustang zilitoka na masta yenye chumba kimoja kinacholisha tairi zote nne, paipu moja ikipasuka popote pedali inakwenda mpaka chini na huna kitu. Mustang ya 67 ndo ilikuja na vyumba viwili. Kwa hiyo nimefunga masta ya vyumba viwili: chumba kimoja kinakwenda kwenye ile bloku ya kugawa mafuta ya breki kwa ajili ya tairi za mbele, tundu la nyuma la bloku nimeliziba, na paipu ya nyuma inapata njia yake yenyewe kutoka chumba cha pili. Kama una gari ya namna hii na una pesa ya kitu kimoja tu, fanya hiki.

Injini sina mengi, inawaka, inapumua vizuri, kabureta imesafishwa, plagi mpya, valvu zimepimwa. Tuendelee.

Sasa kushusha. Miaka ya sitini kulikuwa na injinia wa sasipensheni pale Ford anaitwa Klaus Arning, huyu aliona kwamba ukishusha pointi ya kufungia wishboni ya juu, gari inalala vizuri kwenye kona. Carroll Shelby, yule Mmarekani mtengeneza magari ya mbio, akaichukua akaiweka kwenye Mustang zake za G.T.350 za 1965, halafu ndani ya mwaka wa 66 wakaiacha kwa sababu ya gharama, ilikuwa ni kazi ya mkono kwa kila gari. Fikirieni hilo, kitu kilichoachwa kiwandani kwa sababu mfanyakazi analipwa kwa saa, kwa mtu mwenye gari moja na wikiendi zake ni bure kabisa.

Kazi yenyewe: wishboni ya juu imefungwa kwa bolti mbili kwenye ule mnara wa bati ambao springi inakaa ndani yake. Unatoboa matundu mawili mapya inchi 1 chini ya yale ya zamani. Basi. Lakini pima mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, tumia bati nene lililotobolewa kama kiolezo, ulifunge kwenye matundu ya zamani ndo utoboe, maana upande wa kushoto na kulia visipolingana alaimenti (jinsi tairi zinavyoelekea) haitakaa sawa maisha yake yote. Na kabla ya yote safisha mnara mpaka chuma cheupe uangalie nyufa, minara ya hizi gari inapasuka, ukitoboa kwenye bati lenye ufa umejitafutia kesi. Yangu iko mizima.

Faida ni mbili. Springi ya mbele kwenye Mustang inakaa juu ya wishboni ya juu, kwa hiyo ukishusha wishboni na kiti cha springi kinashuka nayo, bodi inakaa chini karibu milimita 16. Ya pili ndo tamu zaidi, gari ikiinama kwenye kona tairi ya nje inaegemea ndani badala ya kujipindua nje, inabaki imelala barabarani kwa upana wake wote.

Milimita 16 peke yake hainitoshi, nikapunguza na springi kidogo. Kuna ubishi mwingi sana hapa naomba niseme msimamo wangu wazi. Kukata springi si dhambi, kuichoma moto ndo dhambi. Moto unaua ugumu wa chuma, inalala zaidi kila mwezi, na huwezi kuzilinganisha mbili. Ukikata kwa diski nyembamba, polepole, bila kuacha ipate joto, springi inabaki springi, na tena inakuwa ngumu zaidi kwa sababu ni waya uleule unaojisokota ila mfupi. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi ukitoa mmoja, ugumu unapanda kama asilimia 14, na kwa gari iliyoshuka hicho ndo unachotaka. Ila kata nusu mzunguko, funga, shusha gari, isukume ikae, pima. Springi iko katikati ya wishboni, sio kwenye tairi, kwa hiyo kila unachotoa kwenye springi kinakuja karibu mara mbili kwenye tairi. Na kwa kuwa silinda sita ni nyepesi, springi zake ni laini, ukikopa hesabu ya mwenye V8 utapotea. Kwangu nusu mzunguko imetosha.

Springi ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuua mtu, nasema hivi kwa uzito wote. Tumieni kibanio cha ndani kilichotengenezwa kwa hii gari, kinachopita kwenye mnara baada ya kutoa shokapu, nyuzi zipakwe grisi, na kichwa chako kisiwe kwenye mstari wa springi hata sekunde moja.

Kupima urefu mimi sipimi kutoka chini, presha ya tairi inadanganya. Napima kutoka katikati ya hubu mpaka ukingo wa fenda, kushoto na kulia.

Nyuma bado. Huko kuna springi za mapleti, na ekseli imekaa juu yake, kwa hiyo bloku ya inchi 1 inaingia kati ya pleti na ekseli na bodi inashuka inchi 1 ileile. Bloku ni za chuma, moja kila upande, kupanga mbili juu ya nyingine hapana, na yu-bolti ziwe mpya na ndefu. Mapleti yangu yameshafunguliwa, bushi za zamani zilitoka vipande vipande. Bushi mpya ziko ndani, lakini bolti zake sijazikaza, zitakazwa gari ikiwa imesimama kwa uzito wake kwenye tairi, ukizikaza ikiwa hewani mpira unabaki umejisokota na unachanika mapema.

Kazi zinazofuata ni kufunga bloku, kuangalia mpira wa kugotea una nafasi ya kutosha juu ya ekseli, kukaza bolti, kisha alaimenti. Kwenye Mustang za mwaka wa 66 kemba (tairi kuegemea ndani au nje) na kasta (mshipi wa usukani kuegemea mbele au nyuma) zinarekebishwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba, nyuma ya shafti ya wishboni, na vipimo nitakavyoomba ni kemba nusu digrii hasi, kasta digrii 2 chanya na tairi za mbele ziangaliane ndani kwa 1/8 ya inchi, kwa sababu vile vya kitabu vya 66 viliandikwa kwa tairi za zamani ambazo hazikuwa za radial kama za leo. Rimu tutaongea nikishajua tairi inagusa fenda au haigusi nikikata kona hadi mwisho.