Foleni ya daraja la Lualaba

Siku ya pili hii nipo barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, huku Kongo (DRC), foleni haisogei. Nikamwachia tingo gari, nikashuka hadi mtoni kunawa uso. Kumbe ndio ule Lualaba ambao Livingstone aliufikia kule Nyangwe mwaka 1871 akidhani labda ni Nile! Ukishapita Maporomoko ya Boyoma, karibu na Kisangani, unaitwa Kongo. Huku juu wala hautishi, maji rangi ya chai ya maziwa.

Hamu ya samaki ikanishika. Kuna mama kapanga wakavu kwenye beseni la bluu, anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. "Shikamoo mama, hawa ni wa hapa mtoni?" Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hapana, papa (baba)! Hii inatoka Moero. Ya hapa, na haya mayi ya migodi? Mimi siwezi kula."

Moero ndio Ziwa Mweru, mpakani na Zambia. Yaani umekaa mita chache na mto, samaki wanakuja kwa lori. Nimenunua wanne, nimekula na bukari (ugali wao), watamu kwelikweli.

Upande wa pili semi za shaba na kobalti zinashuka kuelekea Dar, moja baada ya nyingine. Tingo anapiga honi, nadhani tumesogea.