Mbu Walioamka

Mwaka 2012 nilipata kibarua cha miezi mitatu kwa watafiti wa malaria wilayani Muheza. Kazi yangu ilikuwa kuchota viluwiluwi kwenye mashimo ya matofali na kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Baada ya wiki moja nilikuwa nawatambua kwa kuwatupia jicho tu: wa Anofelesi, mbu waenezao malaria, hulala sambamba na uso wa maji, wale wengine, wa kelele za usiku, huning'inia kichwa chini. Tuliwalea mpaka wakawa mbu kamili.

Siku ya kupima, majike 25 waliingizwa kwenye bomba la plastiki ambalo ndani yake limezungushiwa karatasi yenye pemethrini, dawa ya jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua. Saa moja tu. Kisha unawahamishia bomba safi, unawawekea pamba yenye maji ya sukari, unawaacha mpaka kesho saa ileile. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, wakifa pungufu ya asilimia 90, huo ni usugu.

Jioni ile niliwaacha wengi wamelala chali, nikafurahi kama mtu aliyeua nyoka. Kesho yake nikakuta karibu nusu wamesimama wima, mmoja yuko kwenye pamba anakunywa sukari kama mgeni wa harusi. Msimamizi wetu hakushtuka, aliandika tu.

"Wameizoea dawa," nikasema.

"Nani kazoea? Huyu ameiona jana kwa mara ya kwanza."

Akanieleza huku akiosha mabomba. Aliyeamka alizaliwa hivyo. Kwenye jeni zake kuna kosa la kunakili, herufi moja tu, na kosa hilo hubadili mlango mdogo kwenye neva, pale pale dawa inaposhika. Zamani halikumsaidia kitu. Vikaja vyandarua vya bure vya 2010 na 2011, wenzake wakafa, yeye akataga. Mbu hupata wajukuu ndani ya mwezi au miwili. Hebu piga hesabu ya mwaka mzima.

Nilirudi nyumbani na habari hiyo kama niliyeigundua mimi. Nikamwamkia bibi, nikamsimulia. Naye akasema lilelile: wameizoea. Sikubishana. Juu ya jiko lake yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi.

"Bibi, yale uliyachaguaje?"

"Yametoka kwenye mashina yaliyozaa wakati wa lile jua kali."

"Na mengine?"

"Tumekula, mjukuu wangu. Wewe si ndiye uliyemaliza?"

"Sasa chandarua nacho kinafanya hivyohivyo. Wanaokufa wamekwenda, anayebaki ndiye mbegu."

Akaacha kupepeta. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani hakunielewa, au kachoka na kijana wa kibarua anayejifanya mwalimu.

"Kumbe miaka yote hii nawachagulia mbu mbegu," akasema.

Nikaharakisha kumwambia asikiache, kwa maana hata dawa ikishindwa, kitambaa bado kinamzuia mbu asimfikie. Hakujibu. Usiku nilimsikia akichomekea chandarua chini ya godoro, upande mmoja baada ya mwingine, taratibu. Kisha akaita kutoka gizani: lile tundu la upande wa miguuni, ambalo nilimwahidi tangu Ramadhani, nitalishona lini?