Waini mezani siku ya kawaida, kwani kuna shida gani?

Jamani hapa Kigoma ukionekana na chupa ya waini nyumbani siku ya Jumanne watu wanauliza nani anaoa. Juzi shangazi kanikuta nakula mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, wa kukaanga na ugali wa muhogo, pembeni glasi moja ya waini nyeupe ya Dodoma, akasimama pale mlangoni, "mwanangu, umeanza lini kulewa mchana?" Nikamkaribisha tukala, nikamwambia Italia na Ufaransa glasi moja na chakula ni mambo ya nyumbani tu toka enzi, mtu anakula anaongea anakunywa taratibu. Hakukubali na sikumlazimisha.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu mtu akimaliza nusu kreti baa anaonekana mwanaume, ila glasi moja mezani mbele ya familia ndo aibu. Waini tumeiachia harusi, Krismasi na altare basi, wakati zabibu zinalimwa hapahapa nchini, Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na treni ya kuja kwetu inapita hukohuko! Ile nyeupe kavu, yaani isiyo tamu, ikiwa ya baridi inakata mafuta ya mgebuka vizuri mno, hasa ukikamulia ndimu. Nyekundu tamu hapana, inaua kabisa ladha ya samaki.

Ndugu zangu Waislamu wa Ujiji nawaheshimu, yao ni imani. Nasema na sisi tunaokunywa. Haya, mgebuka wa mawese mngeupa ipi, nyeupe au nyekundu kavu?