Ruhusa ya Sidoni

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni mstari mmoja tu, Matendo ya Mitume 27:3. Ukiwa na Biblia karibu, anzia mstari wa kwanza ili uone hali aliyokuwa nayo Paulo: mfungwa, amekabidhiwa akida aitwaye Yulio, yuko melini kuelekea Rumi kwenye hukumu. Siku ya pili meli inafika Sidoni. Yulio, kwa wema wake, anamruhusu Paulo ashuke aende kwa rafiki zake wakamtunze.

Sura hiyo nimeisoma mara nyingi, na kila mara nilikuwa na haraka ya kufika kwenye dhoruba. Dhoruba ndiyo huhubiriwa. Sidoni nilikuwa naipita kama gari la usiku linavyopita Londiani, abiria wote wamelala. Wiki iliyopita nikiwa Kisumu, mstari huo ulinisimamisha.

Nilikuwa nimeenda kwa kazi. Wengi wenu mnajua kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na safari hii ilikuwa ya siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, kukagua vitabu vya kikundi kimoja cha akiba na mikopo. Kutoka Nakuru tulipanda mpaka Mau Summit, tukaiacha barabara ya Eldoret, tukashika ya Kericho. Baada ya majani chai gari likaanza kuteremka, na joto la Kano likaingia madirishani. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba ukifika Awasi sweta inavuliwa. Ahero mpunga ulikuwa kijani kibichi pande zote mbili za barabara. Moyo wangu ulikuwa mzito, na sababu haikuwa kazi.

Kisumu ndiko nilikosomea. Kati ya 2004 na 2006 tulikuwa wasichana watatu kwenye chumba kimoja cha mabati Manyatta. Tulikuwa na stovu moja ya mafuta ya taa, sufuria mbili, na Biblia moja iliyotoka jalada. Tuliombea karo, mitihani, hata wachumba. Omena, wale dagaa wa ziwani, tulinunua kwa kipimo cha kikombe, tukala siku tatu. Mmoja wetu sasa yuko Mombasa. Mwingine alibaki, akaolewa, akafungua kibanda cha nguo soko la Kibuye. Miaka minne iliyopita mume wake alifariki.

Sikwenda kumzika. Ilikuwa wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Nilituma pesa kwa simu, nikaandika ujumbe wenye mstari wa Zaburi, nikaahidi kuja mambo yakitulia. Mambo yalitulia, nami sikuja. Ninyi mnajua nimewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili ile methali ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Niliifundisha mwaka ule ule.

Basi Jumapili jioni kabla ya safari nilimpigia simu. Nikamwambia nitapita Jumatano nimsalimu, lakini sitakaa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Uje ule."

Jumatano hesabu zilikataa kuoana. Kulikuwa na marejesho ya mikopo yaliyoandikwa kwenye daftari na hayakuonekana benki, na kila nilipofuata uzi mmoja ulinipeleka kwenye mwingine. Saa kumi jioni nilikuwa bado nimeinamia karatasi. Nilishika simu, nikaanza kuandika: "Dada, kazi imenishika, tuonane safari nyingine." Nawaambia ukweli mbele za Mungu, kazi ilikuwepo, lakini kilichoandika ujumbe ule ni aibu. Ni rahisi kukaa na vocha kuliko kukaa mbele ya mtu uliyemwacha peke yake kaburini.

Kabla sijautuma, mweka hazina wa kile kikundi, mzee mpole aliyekuwa ameketi nami tangu asubuhi, alinyoosha mkono akafunga daftari. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "hizi karatasi zitalala hapa hapa. Kwani huna watu Kisumu?"

Nikamwambia ninao.

"Basi nenda kwa watu wako. Kesho tutaanza saa mbili."

Mzee yule hajui, lakini siku hiyo alikuwa Yulio wangu. Nimewaza sana juu ya huyo akida tangu hapo. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kumfikisha Paulo Rumi, na mfungwa akitoroka, askari ndiye angeulizwa. Bado alimfungulia mlango. Wapendwa, baadhi yetu ni wakubwa wa wenzetu kazini. Kuna mtu chini yako ambaye rafiki yake anaishi kituo kimoja tu kutoka mnapokwenda, naye anaogopa kuomba ruhusa ya saa mbili tu.

Nikapanda tuk-tuk mpaka Manyatta. Chumba chetu cha zamani hakipo tena, pamejengwa ghorofa, lakini yeye anakaa nyuma kidogo ya hapo. Alinikumbatia mlangoni bila kusema kitu. Kijana wake wa mwisho akaleta jagi na karai, nikanawa, tukaketi.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye meza hiyo.

Palikuwa na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, bado unatoa moshi. Palikuwa na samaki ngege mzima, amechanjwa ubavuni, amekaangwa kisha akarudishwa motoni na nyanya na vitunguu mpaka mchuzi ukashika. Alimfuata mwenyewe Dunga alfajiri, mashua zikirudi, kwa sababu siku hizi sokoni samaki wengi ni wa kufugwa kwenye vizimba, wengine hata wametoka Uchina wakiwa wamegandishwa, naye alitaka nile wa ziwani. Na palikuwa na bakuli la osuga, ile tunayoiita managu huku kwetu.

Osuga ndiyo iliyonivunja. Anayeijua anajua ni mboga chungu. Unaichemsha, unaongeza maziwa, unailaza. Kesho yake unaipasha, unaongeza maziwa tena, unailaza tena. Uchungu unapungua kidogo kidogo, mpaka siku ya tatu unabaki ule mdogo tu unaoipa mboga ladha. Ile niliyowekewa ilikuwa laini kabisa, maziwa yameingia mpaka kwenye vikonyo, juu imeshika utando wa krimu. Nilimuuliza ameilaza siku ngapi. Akajibu kana kwamba si neno, "Tangu Jumatatu. Si ulipiga Jumapili?"

Nilikuwa nimeshika tonge, nikashindwa kulipeleka mdomoni. Saa ile niliyokuwa natafuta maneno ya kutokuja, mboga yangu ilikuwa jikoni siku ya tatu.

Injili ya Yohana, sura ya 21, inasema wanafunzi waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa umekwisha washwa, samaki juu yake, na mkate. Petro alikuwa ndani ya mashua ile, yule aliyemkana Bwana mara tatu, naye alikuwa akiota moto wa makaa usiku ule wa kukana. Ukisoma mstari wa 15 utaona Bwana hakumuuliza neno mpaka walipokwisha kula. Nilikuwa nikiuona huo kama mpangilio wa hadithi tu. Sasa nauona kama upole. Alijua Petro ana njaa na ana aibu, akaanza na njaa.

Rafiki yangu naye hakuniuliza neno. Alichambua samaki upande wangu wa sinia, akitoa miiba na kuiweka pembeni. Nilimwambia mimi ni mtu mzima. Akasema, "Nakujua wewe na miiba." Mwaka 2005 mwiba ulinikwama kooni usiku, naye ndiye aliyenishindilia matonge makavu ya ugali mpaka ukashuka, huku mwenzetu wa tatu akikemea kwa jina la Yesu. Tulicheka mpaka kijana akatuangalia kwa mshangao. Tukampigia yule wa Mombasa, simu ikawekwa katikati ya meza karibu na ngege, naye akalalamika kwamba tunamtesa.

Baada ya kunawa, watoto walipotoka, nilimwambia nisamehe sikuja. Aliangalia mikono yake. Akasema, "Niliumia. Nilikuwa nakutafuta kwenye watu." Hakusema haikuwa kitu, namshukuru kwa hilo. Kisha akanisimulia zile siku zote, kuanzia hospitali mpaka usiku wa kukesha nyumbani kwao Seme, na jinsi mvua ilivyonyesha wakishusha jeneza. Nilisikiliza mazishi nikiwa nimechelewa miaka minne. Tulilia. Tukaomba, yeye akaanza.

Nilirudi nilikofikia nikiwa sina usingizi, nikafungua Matendo. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikuwahi kuliunganisha. Sidoni ni mji wa Foinike. Rudini sura ya 11, mstari wa 19: waliopeleka neno Foinike ni wale waliotawanyika kwa sababu ya dhiki iliyotokea kwa habari ya Stefano. Na Stefano alipopigwa mawe, mashahidi waliweka nguo zao miguuni pa nani? Pa kijana Sauli, ndiye Paulo huyu huyu, naye aliona vema auawe.

Kwa hiyo fikirini meza ile ya Sidoni. Luka, mwandishi wa Matendo, hataji jina la mwenyeji hata mmoja, wala hasemi walipika nini. Lakini kanisa la pande zile lilianzia kwa watu waliokimbia nyumba zao katika mateso ambayo mgeni wao alikuwa miongoni mwa walioyachochea. Huenda mezani palikuwa na mtu aliyemjua Stefano. Nao Luka anawaita rafiki zake. Paulo alikwenda huko kutunzwa. Mtu huyu aliyesema kwamba mikono yake mwenyewe ilimtumikia mahitaji yake, hapa anaketi, ananawishwa, anapewa chakula na watu ambao hana cha kuwalipa.

Mimi nimezoea kutoa. Kutoa kunaniweka juu kidogo, hata nikitoa kwa moyo safi. Kuketi na kutolewa miiba na mtu uliyemkosea kunataka unyenyekevu mwingine, na nadhani wengi wetu tunaukwepa kwa kusema tuna kazi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Usiku ule mgeni ndiye aliyepona, na mwenyeji, kwa maneno yake mwenyewe asubuhi kwa simu, alilala vizuri.

Halafu ndiyo ije dhoruba, usiku wa 14 wakipeperushwa huku na huko, bila jua wala nyota kwa siku nyingi. Melini wako watu 276, na hawajala. Paulo anasimama, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaanza kula, na wote wanachangamka wanakula. Sitaki kulazimisha Maandiko kusema yasichosema. Ila nasoma sasa nikijua kwamba mikono ile iliyoumega mkate melini ilikuwa imepokea matunzo Sidoni wiki kadhaa nyuma.

Alhamisi saa mbili nilikuwa kazini. Marejesho yaliyopotea yalipatikana kabla ya chai, yalikuwa yameingizwa mwezi usiofaa. Mzee aliniuliza kama nilikula. Nikamwambia nilikula.

Rafiki yangu alikuwa amenifungia osuga iliyobaki kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha bluu, na omena wakavu kwenye gazeti. Omena wameisha. Chombo kiko hapa jikoni kwangu Nakuru nikiandika haya, kimeoshwa, kimekauka. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo nimeagiza viazi vya Molo na njegere. Mama mkwe wake bado yuko hai huko Seme, na tumekubaliana Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakwenda pamoja, tuketi naye, kisha anionyeshe kaburi. Mniombee. Nimeomba ruhusa ya siku mbili kazini, nimepewa. Safari hii sina kazi Kisumu.