Ngazi ya rizista isiyo na mwisho

Usiku huu daftari limejaa ngazi. Kila pingili ina rizista (kifaa kinachozuia mkondo wa umeme) mbili za omu 1, omu ikiwa kipimo cha ukinzani: moja imelala kwenye waya wa juu, nyingine imesimama kama kipago kati ya waya wa juu na wa chini. Pingili haziishi. Kuanzia nyuma haiwezekani, basi tunaanzia mlangoni: ukikata pingili ya kwanza, kilichobaki ni ngazi ileile. Ukinzani wake uite X. Kwa hiyo X ni omu 1 ya mfuatano, ukijumlisha omu 1 iliyo sambamba na X:

X = 1 + X/(1 + X)

Ukifungua mabano unabaki na X² − X − 1 = 0, yenye majibu 1.618 na −0.618. Hasi tupa, rizista tupu hazitoi ukinzani hasi.

Lakini hesabu hii imechukulia kimyakimya kwamba X ipo. Wengi hawalihakiki hilo, na ndipo utamu ulipo. Acha ncha ya mwisho wazi: pingili moja inatoa 2, mbili 1.667, tatu 1.625, nne 1.619. Sasa unganisha nyaya mbili za mwisho zigusane: 1, 1.5, 1.6, 1.615. Huku zinashuka, kule zinapanda, jibu limebanwa katikati. Kila pingili mpya inapunguza kosa karibu mara saba.

Ndiyo maana mezani pingili nne zinatosha. Kwa rizista za kilo-omu 1 zinazoweza kupotoka asilimia 5, multimita ikikataa kukubaliana nawe, walaumu rizista, si uchache wa pingili. Una pingili mbili tu? Funga ncha kwa rizista ya kilo-omu 1.6, utapata 1.618.

Ukiweka koili (waya uliozungushwa) kwenye waya wa juu na kapasita (kihifadhi chaji) kwenye kipago mahali pa rizista, tahadhari. Mkondo unaogeuka-geuka ukiwa na masafa ya chini, yaani ukigeuka polepole, mlinganyo unatoa ukinzani halisi kutoka kwa vifaa visivyo nao hata chembe, ilhali ngazi yenye kikomo haitulii: thamani inarukaruka kila ukiongeza pingili. Kwanza tia ukinzani kidogo katika koili, refusha ngazi bila kikomo, kisha ndipo uupunguze ukinzani huo hadi sifuri. Ukigeuza mpangilio huo, jibu linapotea.

Wavu wa miraba usio na mwisho, kila upande wa mraba ukiwa rizista ya omu 1, ni habari nyingine. Kati ya vifundo (pembe za miraba) jirani, ulinganifu unatoa nusu omu kwa mistari miwili ya hesabu. Kwa vifundo vya mshazari ulinganifu huo hautoshi. Huko jibu ni 2/π, yaani 0.637, na linadai kalkulasi.