Mayai yaleyale, mavuno tofauti

Kikundi chetu cha wafugaji wa viwavi wa hariri hupokea mayai ya aina moja, siku moja, na bado uzito wa vifukofuko, yaani maganda ya nyuzi za hariri ambayo viwavi hujisokotea, hutofautiana sana. Siku hizi nawatazama wafugaji kuliko viwavi.

Aliyesoma hubandika karatasi ukutani: joto, unyevu, saa ya kulisha. Viwavi wachanga wanataka nyuzijoto 26 hadi 28, na joto likishuka yeye huona mapema. Lakini jamani, shule peke yake haitoshi! Mama mmoja kati yetu hakumaliza shule ya msingi, ila kafuga miaka mingi. Akiwaona wameinua vichwa na hawatikisiki, anajua wanajiandaa kujivua ngozi. Anasitisha majani ya mforsadi mpaka wamalize. Wageni wa kazi hii huendelea tu kuwamwagia majani.

Halafu nguvu kazi. Viwavi wa hatua ya tano, ya mwisho, hula zaidi ya asilimia 80 ya majani yote ya maisha yao, usiku na mchana. Asiye na wa kumsaidia huchelewa kulisha, na vifukofuko hutoka vyepesi.

Ndiyo maana huniuma mafunzo yakitolewa kwa wote namna moja. Aliye peke yake ashauriwe kufuga wachache, na mgeni akae kwanza na yule mama msimu mzima.